Mazombi Wakifika Nsambya

Muhula huu mabweni yetu yamepata mabishano makubwa kuliko yale ya mpira. Swali ni hili: mazombi wakitokea Kampala, sisi wa kilima cha Nsambya tutaokokaje? Wazee wetu waliomaliza shule zamani watacheka, lakini nawaomba wavumilie kidogo, kwa maana swali hili la mchezo lina jibu lisilo la mchezo.

Kwanza tujue zombi ni nani. Jina hili lilitufikia kutoka Haiti, ambako watumwa waliochukuliwa Afrika walisimulia habari za maiti afufuliwaye kwa uchawi ili amtumikie bwana wake. Zombi yule hakula mtu. Alikuwa wa kuhurumiwa, kwa kuwa hata kufa hakukumpa uhuru. Yule alaye watu tumeletewa na sinema za Marekani, hasa tangu ile ya George Romero ya mwaka 1968. Huyu wa pili si mtumwa tena. Ni ugonjwa utembeao kwa miguu miwili. Ndiyo sababu mwaka 2011 idara ya serikali ya Marekani ishughulikiayo magonjwa, CDC, iliwafundisha raia kujiandaa kwa mazombi. Walijua fika kwamba mazombi hawapo. Walijua pia kwamba mtu aliyeweka maji, chakula, dawa na tochi kwa ajili ya zombi amekwisha kujiweka tayari kwa tufani na kwa maradhi.

Sasa tutazame mipango ya mabweni. Kundi la kwanza lasema tufunge lango, tushike mapanga, tungoje. Kundi la pili lasema tushuke upesi hadi Ggaba, tuchukue mtumbwi, twende visiwa vya Ssese, kwa kuwa zombi hajui kuogelea. Mpango wa Ssese wapendeza sana, na wenye kuutetea wamekwisha kugawana hata kazi za kuvua, ingawa ajuaye kupiga kasia ni mmoja tu. Lakini Barabara ya Ggaba hujaa magari na bodaboda pale Kabalagala hata siku isiyo na zombi. Siku ya hofu, mji mzima utakuwa barabarani pamoja nasi. Na wale wa lango hawakufanya hesabu ya maji. Watu wa misaada huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kila siku, za kunywa, kupika na kunawa. Wavulana 400 wahitaji lita 6,000, yaani mapipa 30 ya lita 200, na hiyo ni siku moja tu. Mfereji ukikatika, tutalifungua lango sisi wenyewe kabla zombi hajaligusa.

Hayo yote yaweza kurekebishwa. Kasoro iliyonifanya niandike ni nyingine. Niliwauliza, mmoja wetu aking'atwa tumfanyeje? Pande zote mbili, zisizopatana kwa neno lolote, zilijibu kwa sauti moja: auawe, au atupwe nje.

Basi jiweke mahali pa huyo aliyeng'atwa. Jeraha ni dogo, na sheria waijua. Utashusha mkono wa sweta, utanyamaza, utalala kitandani pako katikati ya wenzako. Asubuhi bweni zima limekwisha. Sheria iliyotungwa ili itulinde ndiyo itakayotuua, kwa kuwa imemfundisha mgonjwa kujificha.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo haya mawili: kuumwa ni kung'atwa, na kuumwa ni kuugua. Nayo yanakutana katika kichaa cha mbwa, ambacho ndicho zombi wetu wa kweli. Virusi vyake hukaa katika mate ya mbwa. Akikuuma, vinaingia katika jeraha, vinafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo, na safari hiyo mara nyingi huchukua wiki au miezi. Dalili zikianza, karibu hapana apataye kupona. Lakini kabla ya hapo mlango u wazi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile ukadungwe sindano. Dawa hiyo si ngeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, mwaka 1885, akapona. Sasa fikirini mvulana aliyetoroka usiku kwenda Kabalagala, akaumwa na mbwa njiani. Akisema, atachapwa au atafukuzwa. Asiposema, na mbwa yule akiwa na kichaa, huenda amebakiwa na wiki au miezi tu. Mimi nadhani wengi wa umri wetu wangenyamaza.

Kichaa cha mbwa hakienei bwenini, lakini Ebola yaweza. Ilipozuka Gulu mwaka 2000, Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa Kampala kwa masomo. Aliitwa kwa kuwa wanafunzi wauguzi walikuwa wakifa ovyo. Usiku ule alisoma madaftari ya wagonjwa, akatambua aina ya ugonjwa, akatoa habari upesi. Kisha akatenga wodi ya wagonjwa hao peke yao, akakaa nao humo pamoja na wauguzi wake, wakivaa glavu na barakoa. Kutenga kwake hakukuwa kutupa. Tarehe 5 Desemba 2000 yeye mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo. Walioumwa walihesabiwa 425, waliokufa 224. Kwa hiyo watu 201 walipona, ambao kwa sheria ya bweni letu wangalikwisha kuuawa siku ya kwanza.

Mwaka 2022 tuliliona jambo lenyewe kwa macho yetu. Ebola ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba. Mtu mmoja, ambaye maafisa wa afya walitaka kumwangalia kwa siku 21 kwa kuwa alikuwa amekaa na mgonjwa, alitoroka, akaja Kampala, akaficha jina lake na kwao, akafia hapa. Hatuna haki ya kumcheka. Alifanya kile kile ambacho mtu wa bweni angefanya. Ugonjwa ukaenea mjini, na shule zikafungwa tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya wakati. Wengi wenu mwakumbuka kubeba magodoro siku ile.

Kwa hiyo mpango wangu ni mfupi kuliko ya wenzangu. Aliyeng'atwa apewe sabuni kabla ya kitu kingine. Asiulizwe alikuwa wapi, na asiadhibiwe kwa kutoroka, hata kama alipita juu ya ukuta. Awekwe chumba chake, chenye dirisha, ili rafiki zake wasimame nje wazungumze naye. Wachaguliwe wawili, tangu sasa, wa kumpelekea chakula, nao wafundishwe kuvaa glavu na kuzivua, maana kuzivua ndiko kugumu. Mtu mmoja apige simu hospitali; Nsambya ina hospitali tangu mwaka 1903, wala si mbali na lango letu.

Chumba chenyewe tunacho, kile cha mwisho nyuma ya jiko. Kwa sasa kimejaa madawati mabovu. Nimewauliza wenzangu wa kundi la mapanga kama watanisaidia kuyatoa Jumamosi, nao wamekubali, kwa sharti kwamba mapanga yakae humo humo.