Ada za Mali Iliyo Chini ya Ardhi

Mchimbaji mdogo wa Bugarama aghalabu huuliza: ikiwa shamba ni lake na jasho ni lake, Serikali yadai ada kwa sababu gani? Jibu limo katika Sheria ya Madini ya 2010. Ardhi ya juu mtu aweza kumilikishwa. Madini yaliyo chini yake ni mali ya Jamhuri. Kwa hiyo ayatoaye hulipa mrabaha, ambao si kodi ya faida, bali ni malipo kwa mwenye mali.

Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Zote mbili hukokotolewa kwa thamani ghafi, kabla ya kutoa gharama. Chama kikiuza dhahabu ya shilingi 1,000,000, hutozwa shilingi 70,000. Ikiwa magogo, mafuta ya pampu na posho vimekwisha kula shilingi 950,000, kinachobaki si faida ya 50,000, bali ni hasara ya 20,000. Baadaye mrabaha ulipunguzwa hadi asilimia 4 kwa dhahabu iuzwayo kwa viwanda vya kusafishia vya humu nchini. Hivyo yafaa chama kijue kinamwuzia nani.

Lipo fungu la pili, lisilotozwa kwa kitolewacho bali kwa kiachwacho. Mgodi mkubwa, kama ule wa Bulyanhulu ulio jirani na Bugarama, waweza kutakiwa kisheria kuweka dhamana ya kuitengeneza ardhi baada ya kufungwa. Ulaya nako, ambako viwanda huruhusiwa kuzika hewa ya ukaa chini ya miamba, agizo la 2009 lawataka wenye maghala hayo, kabla ya kuyakabidhi kwa Serikali, watoe fedha za kuyachunguza kwa muda usiopungua miaka 30. Serikali haipokei bure mzigo uliofichwa ardhini.

Mchimbaji mdogo hawekewi dhamana ya namna hiyo, lakini shimo lake lisilofukiwa hurithiwa na kijiji, na ng'ombe na watoto hutumbukia humo. Hapana budi mkutano mkuu wa kila chama uamue kutenga sehemu ndogo ya kila mauzo, iandikwe katika daftari lake peke yake, wala isiguswe ila kwa kazi ya kufukia. Mrabaha ni haki ya Taifa. Fungu hilo ni haki ya watakaobaki Bugarama dhahabu ikiisha.