Kakuma Inageuka Mji, Je, Ardhi Itaandikwa kwa Jina la Nani?

Wasomaji wawili watatu wameniuliza mtu wa Pwani anatafuta nini Turkana. Ndugu zangu, Kakuma haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Kambi za wakimbizi wa Kisomali zilizokuwa Mombasa zilipofungwa miaka ya 1990, baadhi ya watu waliokuwa humo, wakiwemo wa Benadir na Barawa, walihamishiwa huko. Watu wa Barawa husema Chimwiini, na Chimwiini ni Kiswahili chetu hichi hichi.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei hapo jirani, unapata watu wapatao 300,000. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ilihesabiwa watu zaidi ya 82,000 katika sensa ya 2019. Yaani "kambi" imeuzidi mji mkuu wa kaunti mara tatu na ushei. Utafiti wa IFC uliotoka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa shilingi bilioni 5.6 kwa mwaka, na maduka yake yamepita 2,000. Hilo ni soko, na penye soko watu hawaondoki.

Serikali imelikubali hilo. Kakuma imepewa hadhi ya manispaa, na Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja.

Kalobeyei ndiyo ilikuwa jaribio la kwanza. Mwaka 2015 kaunti ilitoa hekta kama 1,500, na UN-Habitat ikachora mji kabla ya nyumba: barabara, masoko, shule, nafasi ya watu 60,000, mwenyeji na mgeni bega kwa bega. Mwaka 2016 vita vikalipuka tena Sudan Kusini, wakimbizi wakamiminika, na viwanja vikajaa wao kabla mwenyeji hajajenga. Mchoro haukuwa mbaya. Ulikosa akiba tu.

Jambo la pili ni maji, yakizidi na yakikosekana. Lodwar imekaa kando ya Turkwel na Kawalase, Kakuma iko kando ya Tarach. Laga ikikauka miezi na miezi, mgeni huona uwanja mzuri wa kujenga. Mvua ikinyesha milimani, mto unarudi kudai njia yake. Na usipange mji kwa maji ya tangazo: mwaka 2013 tuliambiwa kuna bahari ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, baadaye yakapimwa, yakaonekana yana chumvi.

Lakini linalonikosesha usingizi mimi ni ardhi. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii ijisajili, ipimiwe mipaka, ipewe hati. Mpaka hapo, kaunti huishika kama amana. Mji ukitanuka kabla ya usajili, anayekuja na savea na wakili atapata karatasi, na mfugaji ambaye babu yake alilisha mbuzi pale ataambiwa amevamia.

Hili Pwani halihitaji mhadhiri. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka mtu ajitokeze kudai chake kwa ushahidi. Walioielewa walidai. Wengi wa Mijikenda, waliomiliki kwa pamoja bila karatasi, ardhi yao ikaandikwa ya Serikali. Zaidi ya miaka mia baadaye, wajukuu wao bado huitwa maskwota kwenye minazi iliyopandwa na wazee wao. Nawasikia wanaosema mambo ya jamii yasubiri, kwanza lami na taa. Lami ndiyo inayopandisha bei ya kiwanja, na bei ikipanda ndipo wajanja wanapofika.

Kwa hivyo bodi ya manispaa ikikaa kuchora Kakuma na Lodwar za miaka ishirini ijayo, ningependa kuona kwenye ramani ile njia za mifugo kuelekea mtoni na visimani zimechorwa kwa wino ule ule wa barabara, na wazee wa Turkana wameitwa kuzionyesha kabla savea hajapiga bikoni ya kwanza.