Mawaridi ya kale yaliyopoteza majina yake

KATIKA visiwa vya Bermuda, ndani ya Bahari ya Atlantiki, kuna mawaridi ambayo hakuna ajuaye kwa yakini majina yake. Huchanua makaburini, kando ya kuta za makanisa na katika nyua za nyumba kuukuu, nao wakazi huyaita kwa jina la mahali yalipopatikana. Mojawapo ni Smith's Parish, ambalo kichaka chake kimoja hutoa maua meupe, mekundu na yenye michirizi. Baadhi ya wataalamu huamini kuwa ndilo waridi la rangi tano ambalo Robert Fortune alilileta Ulaya kutoka Uchina katika miaka ya 1840.

Chama cha wapenzi wa waridi cha Bermuda, kilichoasisiwa mwaka wa 1954, kimekuwa kikiyakusanya mawaridi haya ya mafumbo na kuyahifadhi. Kazi hiyo haingojei. Nyumba ya kale inapobomolewa, kichaka hung'olewa pamoja na kifusi, na huenda kilikuwa cha mwisho cha aina yake.

Waridi huhesabiwa kuwa la kale ikiwa jamii yake ilikuwako kabla ya 1867, mwaka wa La France, waridi la Mfaransa Guillot lililofungua enzi ya mawaridi ya kisasa. Kutokana na enzi hiyo yalitokea maua kama yale yanayokuzwa Naivasha.

Hata hivyo, si kila waridi la kale lifaalo nchi za joto. Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena baada ya kupitia majira ya baridi kali. Yakipandwa penye joto mwaka mzima, hutoa majani tele na maua haba. Mkulima wa Mombasa anayeshawishiwa na picha za vitabu vya Uingereza hana budi kujihadhari.

Yanayostahimili joto ni yale yenye asili ya Uchina, kama Old Blush, lililofika Ulaya katika karne ya 18, na jamii ya waridi-chai, ambayo harufu yake hulinganishwa na ya majani ya chai. Haya huchanua mara kwa mara bila kuhitaji baridi. Huhitaji jua, udongo usiotuamisha maji na matandazo mazito juu ya mizizi. Waridi-chai hasa halipendi kukatwakatwa. Anayelipogoa hadi karibu na ardhi, kama afanyavyo kwa mawaridi ya kisasa, hulidhoofisha.

Kulitambua ndiko kugumu zaidi. Rangi hudanganya, kwani jua na umri wa ua huibadilisha. Mawaridi mengi ya Uchina hukolea rangi yanapozeeka, ilhali ya Ulaya hupauka. Mutabilis huanza manjano, likawa la waridi, kisha jekundu iliyoiva, na mgeni angeweza kudhani ameona vichaka vitatu. Hivyo mtambuzi huchunguza umbo la miiba, idadi ya vijani katika kila jani, namna kikonyo kinavyobeba ua (waridi-chai aghalabu huinamisha kichwa), na harufu ya asubuhi.

Kuna mtego mwingine. Miwaridi mingi ya madukani hupandikizwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Sehemu ya juu ikifa, shina la chini huchipuka na kutwaa bustani. Mashamba ya maua nchini Kenya hutumia sana shina liitwalo Natal Briar, na mtu anaweza kulitunza miaka mingi akidhani ni waridi alilorithi kwa nyanyake.

Anayekuta kichaka cha zamani asiking'oe. Huomba ruhusa, akakata tawi lililomaliza kuchanua, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hivi, kisha akalitia katika udongo mnyevu kivulini.

Siku hizi vipimo vya jeni huweza kuonyesha kwamba vichaka viwili ni kimoja. Lakini jina hupatikana tu ikiwa mahali fulani kimesalia kichaka kingine ambacho jina lake halina shaka, na kwa mawaridi mengi ya Bermuda kichaka hicho bado kinatafutwa.