Alama Kwenye Nguzo: Jinsi Dereva Alivyoonyeshwa Njia

Ramani ya barabara haimfai dereva mpaka barabara yenyewe iwe na alama anayoweza kuilinganisha na karatasi. Nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alama hizo hazikuwapo. Nje ya miji barabara nyingi zilikuwa za vumbi, hazina vibao, na dereva akifika njia panda ilimbidi ashuke aulize.

Kwanza yalitumika maneno matupu. Vitabu vya Blue Book, vilivyoanza kutoka mwaka 1901, vilimtaka msafiri aangalie mita ya gari: baada ya maili kadhaa utaona kanisa, pinda kushoto, ukivuka reli, shika njia ya kulia. Ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwenzake akisoma kwa sauti. Wakipitwa na kona moja tu, hesabu yote ya maili imeharibika. Kampuni ya Rand McNally ya Chicago ikajaribu picha, kila kona ikipigwa na kuchorewa mshale.

Aliyeleta mapinduzi ni mchora ramani wa kampuni hiyo, John Brink. Alipendekeza alama zilizomo katika ramani ziwekwe pia kwenye nguzo za simu kandokando ya njia. Ramani ya Peoria, Illinois, ya 1917, ndiyo iliyofungua mtindo huo. Jimbo la Wisconsin likazipa barabara zake namba mwaka 1918, na mwaka 1926 barabara kuu za nchi nzima zikafuata: namba witiri kwa zinazokwenda kaskazini na kusini, shufwa kwa za mashariki na magharibi. Kuanzia hapo mgeni hakuhitaji kujua kanisa wala reli; aliifuata namba yake kutoka nguzo hadi nguzo.

Ramani zikawa rahisi kusoma, na kampuni za mafuta zikazigawa bure vituoni, hadi desturi hiyo ilipofifia katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda. Kwa safari ndefu, wanachama wa klabu ya magari ya AAA walipata TripTik: karani aliunganisha vipande vya ramani kuwa kijitabu chembamba, akapitisha kalamu ya rangi juu ya njia, na kugonga mhuri palipokuwa na ujenzi.

Kazi ya karani huyo ilipata kanuni yake Amsterdam mwaka 1956. Mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra, akiwa mkahawani, alitafuta njia fupi kutoka Rotterdam hadi Groningen, na kwa dakika 20 hivi akapata jibu: kila mara endelea na mji uliofikika kwa mwendo mfupi zaidi kutoka mwanzo, mpaka ufike uendako. Kompyuta inaweza kufanya hivyo bila kuchoka.

Mwaka 1985 kifaa cha Etak kiliingiza ramani ndani ya gari kwa kaseti, kikikadiria mahali kwa dira na mizunguko ya magurudumu. Kwenye skrini gari lilitulia, ramani ndiyo iliyozunguka. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS ambayo raia hutumia kujua mahali walipo, na kosa la hadi mita 100 likashuka sana. Sasa sauti ya simu inataja kona moja moja kama msomaji wa Blue Book, ila dereva akipitwa na kona, hesabu inaanza upya hapohapo alipo.