Gari Lilipoacha Kelele

Je, nyumbani kwenu kuna gari kuukuu ambalo baba watoto hakubali kuliuza? Kwetu lipo. Ni pikapu ya petroli yenye umri mkubwa kuliko mtoto wetu wa kwanza, nayo imebeba mahindi, wagonjwa, maharusi, na mara moja jeneza, kati ya Kilosa na Mikumi.

Mwaka 2007 ilianza kutusumbua. Asubuhi iliwaka kwa shida. Tukisimama bila kuzima injini, ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na kwenye vilima ilikosa nguvu. Jambo moja tu lilitufurahisha: zile kelele za tapeti, tiki-tiki-tiki tulizozizoea miaka yote, zilikuwa zimenyamaza. Tukasema, angalau hapo imepona.

Jumamosi moja ya Desemba tulikuwa tukirudi Kilosa kutoka Mikumi, watoto wamekaa nyuma juu ya magunia. Tulipopita Ulaya, jua likizama, injini ikaanza kumisi, ikapiga mlio mkubwa kwenye kabureta, ikazimika. Lori la mkaa lilituvuta mpaka nyumbani, tukafika saa nne usiku.

Fundi wa kwanza alijaribu kuiwasha, akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, injini imekufa. Tafuteni nyingine." Bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na fedha tulizomwekea binti yetu, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza Januari. Siku zile ada ililipwa hata katika sekondari za serikali. Ilifutwa mwaka 2016. Usiku ule tulizungumza, na tuseme kweli, tulizozana. Mmoja wetu alitaka binti asubiri mwaka mmoja. Hatutasema ni nani.

Kabla ya kutoa hata shilingi tukamwita fundi mwingine, mzee wa Mikumi. Alikuja kwa basi na mfuko mdogo. Hakusema lolote kuhusu injini kufa. Alifungua plagi zote nne, akaingiza kipimo cha mgandamizo katika tundu moja baada ya jingine, huku mmoja wetu akikanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Silinda ya kwanza ilisoma 140, ya pili 145, ya tatu 140. Ya nne ilisoma 60.

Kisha akaomba kijiko cha chakula. Akamimina oili kidogo katika tundu la nne, akapima tena. Alitueleza kwamba kama ringi za pistoni ndizo zimekwisha, oili huziba pengo na kipimo hupanda. Kama ubovu uko kwenye valvu, oili haiuzibi, na kipimo hubaki palepale. Kilibaki palepale. Akatazama pia maji ya radieta na oili, asione dalili kwamba vimechanganyika. Kijiko hicho hatujakirudisha jikoni.

Valvu ni nini hasa? Ni kama uyoga wa chuma unaofunga tundu la silinda. Katika injini kama yetu kila silinda ina mbili: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,500, yaani mara 25 kila sekunde. Ile ya moshi hupata joto kali mno, na hupoa hasa inapokalia kiti chake. Isipokaa sawasawa haipoi, na ukingo wake huungua.

Sasa, zile kelele. Tapeti hulia kwa sababu huachiwa mwanya mdogo, kama robo ya milimita, ili valvu iweze kufunga kabisa. Kiti kikilika, valvu huzama, mwanya huisha, na kelele hukoma. Kumbe tulipofurahia ukimya, valvu ilikuwa imeacha kufunga!

Na kwa nini viti vililika? Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo iliacha utando mwembamba uliokinga viti hivyo. Risasi hiyo hudhuru ubongo wa watoto, kwa hiyo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Sisi akina mama hatuna sababu ya kuililia. Lakini injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kuitegemea, na viti vyake si vigumu vya kutosha.

Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu ya moshi ya silinda ya nne ilikuwa imelika upande mmoja kama chapati iliyong'atwa. Tulinunua mpya. Hedi ilipelekwa Morogoro kuwekewa viti vigumu kwa mashine. Iliporudi, mzee alipaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa kila valvu, na kijana wetu akaizungusha kwa kijiti kati ya viganja, kama upekechavyo mlenda, mpaka ikatokea duara ya kijivu isiyokatika. Kisha valvu zikafungwa na springi zake, hedi ikageuzwa, yakamiminwa mafuta ya taa. Mahali pamoja palivuja. Kijana alilalamika, lakini akarudia.

Gasketi ilikuwa mpya. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na tapeti zikapimwa kwa fila geji. Gharama yote haikufika robo ya bei ya ile injini. Binti yetu alikwenda shule Januari pamoja na wenzake.

Tangu hapo, fundi akituambia jambo zito tunamuuliza kila silinda imesoma ngapi, na kama ametia oili akapima tena. Wengine hukasirika. Wakibadilisha kifaa, tunaomba kile cha zamani tukione.

Kila Desemba tapeti hupimwa. Tiki-tiki imerudi, na mama mkwe analalamika kwamba inamwamsha alfajiri.