Kosa Lisilokuwamo Katika Hati

Mara kwa mara wasikilizaji huniuliza: hawa watetezi wa haki za binadamu, zaidi ya kelele, hufanya nini?

Tutazame kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda, mwaka 1994. Ilipoanza Arusha, Januari 1997, hati ya mashtaka haikutaja ubakaji. Shahidi mmoja, katika kueleza mengine, akasema binti yake wa miaka 6 alibakwa. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, akamdadisi. Huko nje, mashirika ya wanawake yakaiandikia mahakama kutaka hati irekebishwe. Juni ikarekebishwa. Mwendesha mashtaka alisema sababu ni ushahidi, si shinikizo. Mimi nasema ni vyote viwili.

Ndipo wanawake wakaeleza waliyotendewa kwenye ofisi ya serikali walikokimbilia usalama. Tarehe 2 Septemba 1998, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ikatamka kuwa ubakaji waweza kuwa mauaji ya kimbari, ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Akayesu akafungwa maisha.

Mashahidi hao walitajwa kwa herufi tu, J, H, JJ, maana walirudi kuishi na majirani walewale.