Mtoko wa Wenza Wazee: Muda Uliopo na Wenye Kuudai (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza mabadiliko yanayoikuta ndoa watoto wanapokwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ikabaki na wale wawili walioianza. Sehemu hii inashughulikia jambo linaloonekana dogo, nalo ni mtoko, yaani matembezi ambayo mume na mke huyapanga mapema na kuyafanya nje ya nyumba yao kwa ajili ya kufurahia kuwa pamoja, si kwa ajili ya kazi, ibada wala kumjulia hali mgonjwa. Wengi hudhani kwamba wenza waliozeeka hawana haja ya kuutafutia mtoko nafasi, kwa kuwa muda ndio mali waliyobaki nayo kwa wingi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na huo ndio umri ambao kwa kawaida mtumishi wa umma hulazimika kustaafu, ingawa anaweza kupumzika kwa hiari tangu akiwa na miaka 55. Hivyo, kwa hesabu za karatasini, wenza waliokwisha kuuvuka umri huo wana siku saba za mapumziko katika kila juma. Hesabu hiyo haisemi kweli. Muda wa wazee upo, lakini una wadai wengi, na kila mdai huamini kuwa yeye ndiye anayetangulia.

Mdai wa kwanza ni msiba. Kadiri mtu anavyoongeza miaka ndivyo rika lake linavyopungua, na ndivyo anavyotakiwa kuonekana mazikoni, kukaa matanga, kuhudhuria hitima na, kwa wanaoifuata desturi hiyo, kurudi tena siku ya arobaini. Mdai wa pili ni harusi, ambayo haichukui siku moja tu, kwa sababu hutanguliwa na vikao vya kamati vinavyofanyika Jumamosi na Jumapili, na katika vikao hivyo mzee hutarajiwa kuwa mwenyekiti, mshauri au angalau mtoaji wa mchango wa heshima. Mdai wa tatu, na huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote, ni mjukuu. Mabinti na wana walioajiriwa mijini huwaachia wazazi wao watoto kutwa nzima, mara nyingi bila kuulizana, kwa imani kwamba bibi aliyestaafu hana la kufanya. Hakuna hata mmoja kati ya wadai hao anayestahili kulaumiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba madai yao yana tarehe, saa na watu wa kuuliza kwa nini fulani hakufika, ilhali mtoko wa mume na mke hauna tarehe, hauna saa, na ukiahirishwa hakuna anayeuliza.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa mapema, nalo ni dai kwamba mtoko wa mume na mke ni mtindo wa vijana ulioletwa na televisheni na simu. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki burudani ya watu wazima kwa muda mrefu iligawanyika kwa jinsia: wanaume walikaa barazani, yaani kwenye benchi la saruji au mawe lililojengwa mbele ya nyumba, wakinywa kahawa chungu, wakicheza bao na kuzungumza siasa, na wanawake walikutana katika vikundi vyao vya lelemama na taarabu, katika maulidi na katika shughuli za harusi. Mume na mke waliweza kuishi pamoja miaka 40 kwa amani kamili, kila mmoja akiwa na marafiki zake, vicheko vyake na saa zake za kutoka.

Hata hivyo, mwambao huohuo ulikuwa na majumba ya sinema. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu watazamaji wa sinema katika miji ya Tanzania, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa tukio la familia nzima, hasa Jumapili, watu wakivaa nguo zao nzuri na kutembea kwa mguu kwenda kutazama filamu za Kihindi, na jinsi Zanzibar ilivyokuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao. Unguja ilikuwa na Empire na Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon na New Chox, na katikati ya miaka ya 1960 ikaongezewa sinema ya uwanja wa wazi kule Msasani, ambako watazamaji walibaki ndani ya magari yao na familia zilifika na vyakula vyao vya kula zikitazama. Wanaouona mtoko kuwa ugeni wasahau kidogo vijana wa leo na wawaulize wazee waliotazama picha za Raj Kapoor, nyota wa filamu hizo za Kihindi, walipokuwa wachumba: wao ndio waliotangulia. Majumba hayo yalipofungwa moja baada ya jingine, televisheni na kanda za video zikiwa miongoni mwa sababu, burudani ikaingia sebuleni, na watu waliokuwa wakitoka pamoja wakapoteza mahali pa kwenda kabla hawajapoteza hamu ya kwenda.

Wataalamu wa saikolojia nao wana maelezo yao kuhusu kwa nini kutoka pamoja kunaifaa ndoa. Mmarekani Arthur Aron ni mmoja wa waasisi wa nadharia ya kupanuka kwa nafsi, inayosema kwamba binadamu huvutwa na mahusiano yanayomwongezea maarifa, uzoefu na namna mpya za kujiona, na kwamba uchumba husisimua kwa sababu kila siku huleta jambo geni, ambapo ndoa iliyodumu huanza kupwaya mambo mageni yanapokwisha. Katika utafiti ambao yeye, Charlotte Reissman na mwenzao mwingine waliuchapisha mwaka 1993, jozi 53 za wenza ziligawanywa katika makundi matatu: kundi moja lilitakiwa kutumia saa moja na nusu kila juma kufanya pamoja mambo waliyoyaona kuwa ya kusisimua, kundi la pili lilifanya mambo ya kupendeza tu, na la tatu halikupewa lolote. Baada ya majuma 10, waliofanya mambo ya kusisimua walionyesha kuridhika na ndoa zao kuliko waliofanya ya kupendeza. Hawa walikuwa wenza wachache wa nchi moja, na si busara kuyachukua matokeo yao kama dawa ya kila nyumba, lakini wanachokionyesha kinaeleweka: kukaa mezani palepale, kwa chakula kilekile, ni jambo jema lisilotosha.

Upande mwingine yupo Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye ameeleza kwamba mtu anapotambua kuwa muda uliobaki mbele yake ni mfupi huacha kutafuta watu na mambo mapya kwa ajili ya faida ya baadaye, akachagua wachache walio karibu na moyo wake na mambo yanayompa utulivu sasa hivi. Carstensen huyohuyo, pamoja na Robert Levenson na John Gottman, alishiriki mwaka 1993 katika utafiti uliolinganisha wenza wenye umri kati ya miaka 40 na 50 na wale wenye umri kati ya miaka 60 na 70, na wakaona kwamba wazee walikuwa na mambo machache ya kuwagombanisha na mengi zaidi ya kuwafurahisha, yakiwamo mambo ya watoto wao. Nadharia hizi mbili zinaonekana kuvutana, kwa kuwa moja inasifu mageni na nyingine inaeleza kwa nini mzee huyakwepa, lakini mvutano huo hulegea mara inapokumbukwa kuwa ugeni unaweza kuwekwa mahali na mazoea yakabaki kwa mtu. Wenza waliosafiri kwa basi maisha yao yote na sasa wakapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, safari zilizoanza Juni 2024, wanapata jambo jipya la kushangaa na kusimuliana, huku anayeketi kiti cha pili akiwa yuleyule ambaye hawahitaji kumweleza wao ni nani.

Linalochanganywa sana ni mtoko wa wawili na mtoko wa familia. Watoto wenye mapenzi huwachukua wazazi wao sikukuu ya Idi wakawapeleka Mnazi Mmoja, Unguja, au viwanja vya Makadara, Mombasa, au wakati wa Krismasi wakawapeleka ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kisha wakaamini kuwa wamewapa burudani wote wawili. Kwa kweli wamewapa kazi. Bibi hushinda akiwahesabu wajukuu wasipotee, akifuta pua na kuokota kiatu, na babu hugeuka mlinzi wa mikoba na mfuko wa pesa za sikukuu, na pengine saa tatu zinapita bila wawili hao kusemezana zaidi ya kuulizana mtoto fulani yuko wapi. Hata utani wa babu anayemwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi anayemwita wa kiume mume wangu, utani uliobeba upendo mwingi na usio na ubaya wowote, huwafanya wajukuu kuwa kiini cha mchezo na mke mwenyewe akabaki mtazamaji.

Mtoko wa familia una thamani yake, kwani ndipo wajukuu wanapozijua sura za shangazi na binamu zao na kusikia habari za ukoo, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya ule wa wawili, na wanaoupanga wangefanya vyema kumteua kijana mmoja awe mwangalizi wa watoto, ili wazee wapate kukaa kama wageni walioalikwa. Wapo wenza wanaotatua jambo hili kwa namna rahisi zaidi: hufika na wengine, hula na wengine, kisha hutangulia kuondoka na kupitia mahali pengine wakiwa wawili.

Mwili nao una masharti ambayo wapangaji vijana huyasahau. Dawa za shinikizo la damu zilizo katika kundi la dawa za kukojosha, yaani zinazousaidia mwili kutoa maji na chumvi kupitia mkojo, humlazimu mzee kujua choo kiko wapi kabla hajajua chakula kinauzwaje, na wengi hukataa kutoka nyumbani kwa sababu hiyo moja wasiyoitaja, wakisingizia uchovu. Anayetumia dawa za kushusha sukari hawezi kungoja chakula cha mchana hadi saa kumi. Upungufu wa kusikia unaoletwa na uzee huanza na sauti nyembamba, na mara nyingi mtu husikia kwamba anaongeleshwa bila kutambua anaambiwa nini, hasa penye kelele. Kwa hiyo hoteli yenye muziki mkubwa, ambayo kijana huiona kuwa imechangamka, huwafanya wenza wazee wakae kimya kama waliokosana. Macho nayo huhitaji mwanga zaidi, jambo linaloifanya bustani ya Forodhani ya Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, iwafae zaidi saa za alasiri, benchi zikiwa hazijajaa na upepo wa bahari umeanza, kuliko baada ya magharibi wauza mishikaki na maji ya miwa wanapozungukwa na umati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 kuhusu miji inayowafaa wazee umetaja vyoo vya umma na mahali pa kuketi miongoni mwa mambo ya msingi, na yeyote aliyewahi kutembea na mzee mjini anajua kwa nini.

Kwa kuwa mtoko hauna tarehe, njia iliyo wazi ni kuufunga kwenye tarehe iliyopo. Siku ya kliniki ya shinikizo au ya sukari, ambayo kwa wengi hurudi kila mwezi, tayari imetengwa na hakuna mtoto anayethubutu kuiingilia. Wenza wakienda pamoja, wakamaliza vipimo na kuchukua dawa, kisha wakapitia mgahawa tulivu wakanywa chai kabla ya kurudi nyumbani, wamepata mtoko wa kila mwezi bila kumwomba mtu ruhusa. Vivyo hivyo baada ya misa ya Jumapili au sala ya Ijumaa. Katika nyumba ambayo mume ana wake wawili au zaidi, suala linakuwa na upande mwingine, kwa sababu sheria ya Kiislamu inamtaka mume awatendee wake zake uadilifu katika zamu na katika matumizi, na mtoko ni matumizi na pia ni sehemu ya zamu. Anayeanza na mmoja amejifunga kwa wote.

Linabaki suala la nani analipa, ambalo wenza wengi hulimaliza kwa mazoea, mume akitoa fedha na mke akichagua kinachoagizwa kwa kuangalia bei. Mazoea hayo yalijengwa juu ya ajira ya mmoja na yanatikiswa pale kipato kinapofika kwa kila mtu kivyake. Mwaka 2016 Zanzibar ilianzisha pensheni jamii, yaani malipo ambayo serikali humpa mzee kwa sababu ya umri wake na si kwa sababu aliwahi kuajiriwa, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikia miaka 70. Malipo hayo huandikwa kwa jina la mtu, si la nyumba, kwa hiyo mwanamke ambaye hakuwahi kupokea mshahara huipokea fedha yake mwenyewe, na anaweza, akitaka, kumwalika mumewe. Sehemu ya tatu itaanzia hapo, kwa kueleza jinsi kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi vinavyotofautiana, na namna kila kimoja kinavyoingia katika bajeti ya nyumba ya watu wawili.